Nani Kasema Mtoto wa Madrasa Hajui Kuimba?

Leo sina habari za simu mpya wala lugha mpya ya kuandikia programu. Leo nina ugomvi. Ugomvi wenyewe unahusu vile vipindi vya sauti vya mtandaoni vinavyofundisha watoto muziki wa klasiki, ambavyo wafadhili, walimu na wazazi wenye uwezo wanavisifia kutoka Mtwapa hadi Mambrui. Kila mtu akishajua kwamba kazi yangu ni programu, hunitumia kiungo. "Wawekee watoto hiki, kitawafungua akili." Nimevisikiliza vingi. Vingine nimefungua hadi msimbo wake nikausoma mstari kwa mstari. Na nasema bila kumung'unya maneno: namna tunavyovileta huku Pwani ni uvivu, na anayelipia uvivu huo ni mtoto.

Nianze kwa kutoa haki. Vipindi vyenyewe si vibaya. Classics for Kids, kinachotoka redio ya WGUC ya Cincinnati, Marekani, huchukua dakika 6 hivi. Mtangazaji anakusimulia kuhusu mtunzi mmoja, anakuambia utege sikio wapi, kisha muziki unapigwa. BBC nao walianzisha Ten Pieces mwaka 2014 kwa ajili ya shule za msingi za Uingereza. Hizo ni kazi za watu wanaojua kuzungumza na mtoto. Siri yao yote iko katika yale maneno machache kabla ya muziki: "sikiliza filimbi inapoingia". Mtoto akishaambiwa asikilize nini, muziki ambao jana ulikuwa kelele unafunguka. Hilo ni jambo kubwa na gharama yake ni ndogo.

Lakini hebu kwanza tuitupe jalalani ile hadithi ya kufungua akili. Ilitokana na utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 1993. Waliopimwa walikuwa wanafunzi 36 wa chuo kikuu, watu wazima! Walisikiliza Mozart dakika 10, wakafanya vizuri kidogo zaidi katika maswali ya kugeuza maumbo kichwani, na faida hiyo ikayeyuka baada ya dakika 10 hadi 15. Basi. Hakukuwa na mtoto hata mmoja. Lakini mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia kule Marekani aliomba fedha za umma ili kila mtoto anayezaliwa apewe muziki wa klasiki, na tangu hapo wauzaji hawajalala. Ukimfundisha mtoto muziki, mfundishe kwa sababu muziki ni mtamu na una elimu yake. Hesabu ana mwalimu wake wa hesabu.

Haya, tuje kwenye bando. Wanaotuletea viungo hivi hukaa mahali penye waya wa intaneti ukutani. Nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009, mwendo wa kilomita 60 hivi kutoka mji wa Kilifi, na tukaambiwa neema imefika. Kweli imefika, lakini nyumba nyingi za Ganze na Magarini zinainunua kwa kijiko, bando la siku au la saa. Sasa fanya hesabu pamoja nami. Sauti ya mtu anayezungumza pamoja na muziki kidogo, ikibanwa kwa MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde, hula kama KB 480 kwa dakika. Kipindi cha dakika 6 ni kama MB 2.9. Ukitumia Opus, ambayo ni kiwango huria tangu 2012, unaweza kushuka hadi nusu ya hapo na sikio la mtoto lisilalamike.

MB 2.9 si kitu, utasema. Ndiyo, ikipakuliwa mara moja. Lakini mtoto hasikilizi kitu mara moja. Mtoto akipenda kitu atakisikiliza mara 20 hadi bibi yake aombe msamaha. Faili lililo ndani ya simu mara 20 ni MB 2.9 zile zile. Kipindi kinachochezwa moja kwa moja kutoka mtandaoni bila kuhifadhiwa ni karibu MB 58. Na mitambo mingi ya siku hizi imeficha kitufe cha kupakua makusudi, ili urudi kwenye tovuti yao, uhesabiwe, uonyeshwe tangazo. Halafu kuna wanaokwambia "tumia video tu". Video ya nini? Tunafundisha masikio!

Mimi nasema, kipindi cha sauti cha mtoto wa Kilifi kiwe faili. Faili linaingia kwenye memori kadi, memori kadi inaingia kwenye mulika mwizi au kwenye kile kiredio kidogo cha sokoni, na linapita kutoka simu hadi simu bila kumuuliza mtu nenosiri. Ukitaka kusambaza vipindi vipya, RSS ipo tangu enzi za podikasti za kwanza, haihitaji akaunti wala duka la programu. Vijana wa Nairobi wananiambia nimebaki nyuma. Sawa. Faili langu linacheza, lao linazunguka kile kiduara.

Lakini bando ni sehemu ndogo ya ugomvi. Kubwa ni hili lifuatalo, na naomba mtulie kidogo kwa sababu lina hesabu.

Mpwa wangu ana miaka 9, anasoma madrasa hapa Malindi, na ana sauti ambayo watu wazima husimama kuisikiliza. Aliwekewa programu moja ya aina hii, jina nalihifadhi. Unasikiliza kipindi kuhusu mtunzi, kisha unapewa mazoezi ya sikio: unaimba, programu inasikiliza kwa maikrofoni, mshale unaonyesha kijani ukipatia na nyekundu ukikosea. Mazoezi ya programu aliyapita. Kisha akafika mahali pa kuimba chochote upendacho, akaimba kasida anayoijua tangu utotoni. Mshale ukawa mwekundu. Akarudia polepole. Mwekundu. Akanigeukia: "Mjomba, nimekosea wapi?"

Hakukosea popote. Nilikuwa nimekaa hapo nasikia.

Maktaba ya kupima sauti iliyomo ndani ya programu ile ni huria, kwa hiyo niliifungua. Inafanya hivi. Inapima mawimbi ya sauti kwa sekunde, mathalani 440, ambayo kwa Wazungu ndiyo sauti ya La wanayolinganishia ala zao. Inaigeuza kuwa namba kwa kutumia ngazi ya sauti 12, ile ya piano, ambayo kila hatua yake ni nusu toni. Nusu toni moja imegawanywa katika senti 100 (senti za sauti, msikimbilie mfukoni). Halafu msimbo unaita round(), yaani unaivuta namba yako hadi kwenye sauti ya piano iliyo karibu zaidi, na unahesabu umbali kati yako na hiyo piano. Umbali huo ndio unaoitwa kosa.

Sasa kasida nyingi za kwetu huimbwa katika maqamu kama bayati, na sauti ya pili ya bayati haipo kwenye piano. Inakaa kati ya vitufe viwili, karibu na senti 150 kutoka sauti ya msingi, na mahali penyewe hasa hutofautiana kidogo kwa mji na kwa mwimbaji. Hiyo ndiyo robo toni. Kwa namba: ukipanda robo toni kutoka 440 unafika kama 452.9. Piano ina 440, kisha inaruka hadi 466.2. Ukiwa katikati kabisa uko senti 50 kutoka kila upande. Na senti 50, ndugu zangu, ndiyo umbali mkubwa kabisa unaowezekana katika msimbo ule. Maana ukizidi hapo unakuwa karibu na sauti nyingine.

Mmeona? Mtoto akiimba robo toni barabara, bila sauti kupepesuka, programu inampa kosa kubwa kuliko yote inayoweza kuyapima. Angeimba ovyo ovyo angepata alama bora zaidi! Na mtoto mwenye akili atafanya nini? Atajirekebisha. Atasogeza sauti hadi mshale uwe kijani, na baada ya miezi 6 kile alichorithi kwa mwalimu wake, naye kwa mwalimu wake, kitakuwa kimenyooshwa kwa pasi. Hakuna aliyekusudia. Mtu fulani mahali fulani aliandika orodha ya sauti 12, akaenda kulala.

Dawa yake ni ndogo hadi inatia hasira. Badala ya orodha ya sauti 12 weka 24, au bora zaidi, mruhusu mwalimu aimbe ngazi yake mara tatu na programu ichukue vipimo hivyo kuwa ndiyo sahihi. Ni mistari michache ya msimbo. Lakini ili uiandike lazima kwanza ujue kwamba kuna mtu duniani anayeimba hivyo, na ndiyo maana nawaambia wenzangu wa Pwani wanaoandika programu: kazi hii hatafanyiwa mtu. Kutafsiri maneno ya kwenye skrini kwa Kiswahili, ambako ndiko miradi mingi huishia, hakuigusi round() hata kidogo.

Mapigo nayo yana kesi yake, nitaigusa tu. Zoezi la "piga makofi kwa kufuata mdundo" lina jibu moja sahihi. Mtoto aliyekulia kwenye kayamba za Wagiriama anasikia midundo miwili au mitatu imekaa pamoja na anaweza kupiga makofi kwa wowote kati yake. Programu inamwambia amekosea mara mbili kati ya tatu.

Nisieleweke vibaya, tafadhali. Si kila wimbo wa Pwani una robo toni. Taarabu ya Mombasa iliyojaa ladha ya filamu za Kihindi, ile ya Juma Bhalo, mzaliwa wa Malindi aliyefariki mwaka 2014, ililelewa na kinanda, na kinanda kina vitufe 12 kama piano. Udi wa Zein l'Abdin, mtu wa Lamu aliyefariki 2016, ni habari nyingine, kwa sababu udi hauna vizuizi shingoni na kidole hukaa popote sikio linapotaka. Ukienda Unguja, Ikhwani Safaa wapo tangu 1905 na maqamu zao za Kiarabu. Ni pwani moja yenye masikio kadhaa. Kipindi cha watoto kikikaa kimya kuhusu hilo, si kwamba kimekosa mapambo ya kienyeji. Kimesema uongo kuhusu sauti ni nini.

Nimewachapa walio upande mmoja. Sasa wa upande wa pili, msicheke. Wapo wanaosema tuachane na Bach na Mozart kabisa, hayo ni ya wakoloni, mtoto apewe ngoma zake zinamtosha. Mimi huwa nawauliza: zinamtosha nani kasema, yeye au wewe? Mtoto wa Watamu anafundishwa hesabu za Pythagoras na hakuna anayelia. Bach ni mali ya anayemsikiliza. Kumfungia mtoto mlango kwa kisingizio cha kumlinda ni dharau ile ile iliyovaa kanzu.

Tena mlango wenyewe uko Malindi, ni sisi tu hatuuoni. Aprili 1498 Vasco da Gama alipofika hapa, mtu wake mmoja aliyekuwa akiandika kumbukumbu za safari alieleza namna mfalme wa Malindi alivyokuja kuwalaki. Alikuja na wapiga tarumbeta wengi, na pembe mbili za ndovu zilizochongwa, ndefu kama urefu wa mtu, zinazopulizwa kupitia tundu la ubavuni, na zilipatana vizuri na zile tarumbeta. Hizo ni siwa! Siwa ya Pate ya pembe mnaweza kuiona hadi leo katika jumba la makumbusho la Lamu. Bach alizaliwa 1685. Watalii huenda kupiga picha nguzo ya da Gama, na katika safari zote za shule nilizopata kuzisikia, sijasikia mtoto akiambiwa kwamba pwani hii ilikuwa na bendi iliyomfanya Mreno achukue kalamu.

Sasa chukua Peter na Mbwa Mwitu ya Prokofiev, ya mwaka 1936, ambayo karibu kila mradi wa muziki wa watoto huianzia. Kila mhusika ana ala yake: ndege ni filimbi, bata ni obo, paka ni klarineti, babu ni basuni, mbwa mwitu ni pembe tatu. Mtoto wa Kilifi anaambiwa "bata ni obo" na obo hajaiona, kwa hiyo amepewa kitendawili juu ya kitendawili. Lakini obo na nzumari ni ndugu, zote mbili hutoa sauti kwa ulimi wa pande mbili unaotetemeka. Mpigie nzumari kwanza, sekunde 20 tu. Kisha mpigie obo. Atacheka, kwa sababu atasikia undugu wenyewe bila kuhubiriwa. Mbwa mwitu mwanzishie kwa siwa. Udi ndio uliozaa ile ala ya Ulaya iitwayo lute, hadi jina limetoka kwenye Kiarabu al-ud, na Bach aliiandikia lute. Fidla iko kwenye taarabu ya Unguja na iko kwa Vivaldi, ni ile ile, wala huhitaji daraja. Kanuni vilevile ina ukoo wake Ulaya (nasema ala, si sheria).

Dakika 6 zilizoandikwa hivyo zinamfikisha mtoto kwa Prokofiev akiwa na kitu mkononi. Na hakuna kampuni ya Cincinnati wala London itakayoziandika, kwa sababu hawajui nzumari ya harusini ikoje saa 4 usiku.

"Lakini maudhui yako wapi?" Hapa ndipo jambo moja ambalo wanaharakati wetu hawalijui linapoingia. Sababu moja ya programu hizi kujaa Bach ni leseni. Bach amekufa tangu 1750, tungo zake ni za kila mtu. Rekodi ndiyo huwa na mwenyewe, lakini mwaka 2012 mpiga piano Kimiko Ishizaka na wenzake walitoa Open Goldberg Variations, rekodi nzima, bila kudai haki yoyote. Unaipakua, unaikata, unaiweka kwenye kipindi chako, na hakuna mwanasheria atakayekupigia. Bhalo je? Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda rekodi kwa miaka 50 tangu ilipofanywa, na utungo kwa miaka 50 baada ya mtunzi kufa. Kwa hiyo rekodi za Mombasa za mwishoni mwa miaka ya 1960 zimekwisha muda kama rekodi, lakini alichotunga Bhalo mwenyewe kinalindwa hadi mwisho wa 2064. Kisheria, kwa mtoto wa Malindi, Mjerumani wa karne ya 18 ni rahisi kumpata kuliko mtu wa mtaa wake.

Najua jibu la wengi: "Ipo YouTube, ichukue tu." Hapana. Familia za wasanii wetu zimeibiwa kaseti vya kutosha. Njia ya heshima ni mbili. Nenda kwa warithi, omba, andikiana nao, lipa. Au tafuta mpigaji aliye hai, mrekodi mwenyewe kitu cha kale kisicho na mtunzi anayejulikana, mlipe siku hiyo hiyo, na mkubaliane kwa maandishi kwamba faili litakuwa huru kwa watoto. Wafadhili wanaomwaga fedha kwenye vishikwambi wangetenga sehemu ndogo tu kwa ajili ya hilo tungekuwa mbali. Vishikwambi vya serikali vilianza kufika shule za msingi mwaka 2016. Kifaa kipo. Kinachokosekana ni kitu cha kuweka ndani.

Pale Unguja chuo cha Dhow Countries Music Academy kimekuwa kikifundisha udi, kanuni na fidla tangu 2002. Korogocho, Nairobi, Ghetto Classics walianza 2008, na baadaye wakafika hadi Mombasa. Hao wana walimu na ala, na kipindi cha sauti hakichukui nafasi ya mwalimu anayekushika kidole. Lakini si kila kijiji cha Kilifi kitampata mwalimu wa fidla mwaka huu, na simu yenye memori kadi iko karibu kila boma.

Kwa hiyo mimi na wenzangu wawili tumeanza. Msimbo wa kupima sauti nimeshaubadilisha, ngazi inachukuliwa kutoka kwa mwimbaji, na mpwa wangu ameujaribu kwa kasida ile ile, safari hii kijani tupu. Akaniambia simu imesoma madrasa. Faili la kwanza litakuwa dakika 6, Kiswahili cha hapa hapa, chini ya MB 3, na litakuwa na kitufe kikubwa cha kupakua. Linaanza na mfalme wa Malindi akielekea pwani mwaka 1498. Goldberg tunayo. Tunachokosa ni nzumari. Kama unamjua mpiga nzumari yeyote kati ya Takaungu na Mambrui aliye tayari kurekodiwa na kulipwa, mpe salamu, mwambie tutakuja na rekoda yetu, baada ya Alasiri, na mahamri tutaleta sisi.